Kupanda mikoko: anza na maji, mbegu baadaye

Mashamba mengi ya mikoko hufa kwa sababu hupandwa kwenye tope wazi lililo mbele ya msitu, pale ambapo ni rahisi kupata nafasi. Kama mkoko ungeweza kuishi pale, ungekuwa umekwisha kuota wenyewe, maana maji huleta mbegu kila msimu. Mikoko inataka ardhi iliyo kati ya usawa wa wastani wa bahari na mwisho wa bamvua kubwa (maji yanayojaa sana mwezi ukiwa mwandamo au mpevu). Chini ya hapo mche hukaa majini muda mrefu mno na mizizi hukosa hewa.

Kwa hiyo tafuta mahali palipowahi kuwa na mikoko, na ujiulize kwa nini haikurudi. Ikiwa tuta la barabara au ukuta wa shamba la chumvi umeziba maji, fungua njia ya maji kwanza. Mara nyingi miche hurudi yenyewe, ukaokoa nguvu zako. Msitu wa mikoko, Kenya hata Tanzania, ni hifadhi, kwa hiyo ona ofisi ya misitu kabla ya kuchuma au kupanda.

Kisha pima kina. Siku ya bamvua isiyo na mawimbi, chomeka fimbo moja ukingo wa chini wa msitu wa asili, penye miche midogo, na nyingine unapotaka kupanda. Zipake chaki ya rangi. Maji yakipwa, pima chaki ilipooshwa. Msituni ikiwa sm 120 na kwako sm 170, uko chini kwa sm 50: panda juu zaidi.

Kina ndicho kinachoamua mti gani wa jamii ya mikoko upande wapi. Mlilana hukaa mbele, ukitazama bahari. Mkoko (huu wenye mizizi ya magongo) hufuata, kwenye tope laini na kingo za vijito. Muia huja nyuma yake, halafu mkandaa kwenye tope gumu. Msikundazi uko ukingoni mwa nchi kavu, penye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mchu una tabia yake: huonekana mbele kwenye mchanga na tena nyuma kabisa penye chumvi kali, kwa sababu hutoa chumvi kwa majani. Lamba jani lake uone.

Ule mshikaki wa kijani unaoning'inia kwenye mkoko si mbegu hasa, ni mche ulioota ungali mtini. Umekomaa pale pete ya manjano inapojitokeza kati ya tunda na mshikaki, na ukiuzungusha kidogo unatoka. Usioachia, usiuvute. Mkandaa nao huonyesha pete hiyo, ila mshikaki wake ni mwembamba, sm 20 hadi 25. Wa muia hudondoka pamoja na kikombe cha ua. Mbegu za mchu ziloweke siku moja hadi ganda litoke. Za mlilana ni ndogo mno: loweka tunda hadi lioze, osha mbegu, zipande kitaluni. Tupa yoyote yenye matundu, hapo mdudu amekwisha kuingia.

Kaa hupenda mishikaki mibichi. Itandaze kivulini wiki moja hadi mbili, inyauke kidogo, nao hawataihangaikia sana. Wakiwa wengi mno, anzia kwenye viriba (mifuko midogo ya udongo): kitalu kiwe pale bamvua hufika, na siku za maji mafu (bahari inapojaa kidogo tu) ukinyweshe mwenyewe. Miche itoke ikiwa na miezi mitatu au zaidi, shina limekuwa gumu.

Panda maji mafu yanapoanza, ili mizizi ishike kabla ya bamvua. Ncha kali iende chini, sm 15 hadi 20 kwa mkoko, na kwa mshikaki wowote isizidi theluthi ya urefu. Tope likiwa gumu, toboa kwanza kwa kijiti. Kofia ya tunda ikiwa bado imeng'ang'ania usiibandue kwa nguvu, kwani chini yake pana chipukizi, na likivunjika kazi yote imepotea. Acha mita moja kati ya mche na mche, yaani miche 100 kwa mita 10 kwa 10.

Rudi baada ya bamvua la kwanza, halafu kila mwezi. Shina lililokatwa karibu na ardhi ni kazi ya kaa. Majani ya mchu yaliyotafunwa ni mbuzi, jenga uzio. Miche iliyolala imelemewa na mwani, uondoe kwa mkono. Shina lililofunikwa na vidudu vya gamba gumu maana yake umepanda chini mno, na kung'oa gamba hakutasaidia. Tope jipya linalozika mizizi ya kupumulia huua hata miti mikubwa, kama ilivyotokea kijito cha Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ukiona hilo, chanzo kiko juu, mtoni.