Bunduki Marekani: angalia makaratasi yako kabla ya kushika

Huku bunduki zinauzwa mpaka kwenye maduka ya vifaa vya michezo, pembeni kuna mahema na ndoano za samaki, sasa mtu katoka kwetu ambako silaha ni ya polisi na wachache wenye leseni, anaona basi Marekani ni ruksa kwa kila mtu. Siyo hivyo jamani. Kinachoangaliwa kwanza ni makaratasi yako.

Uko kwa viza ya mwanafunzi, ya kazi kama H-1B au ya matembezi? Sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki, na hata kushika tu, isipokuwa una leseni ya kuwinda ya steti ambayo haijaisha muda. Kama ruhusa yako ya kukaa imekufa na bado upo, hata hiyo leseni haikusaidii. Mwenye grinikadi yeye anaruhusiwa kununua kama raia.

Hapo kwenye kushika ndipo vijana wanaponasa. Wikendi washkaji wa chuo wanakuvuta twende tukalenge shabaha, unakodi bastola, unapiga risasi kadhaa, unaposti picha. Hiyo picha ni ushahidi ndugu yangu! Kuna kesi ya Rehaif, mwanafunzi wa Emirati aliyekuwa Florida, chuo kikamtoa kwa maksi mbovu, akabaki, akaenda kulenga shabaha, akafungwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua hana status, yaani ruhusa halali ya kukaa, ila msijifariji na hilo, maana ukishapewa barua ya kutolewa chuo utasemaje hukujua? Na tangu 2022 adhabu imepanda mpaka miaka 15.

Ukienda kununua dukani utajaza fomu 4473 halafu unachekiwa kwenye mfumo wa FBI. Wanauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, kwahiyo kumnunulia binamu asiye na makaratasi ni kosa, hata kama hela katoa yeye na wewe umesaini tu. Wanauliza bangi pia, na fomu yenyewe inakuonya kwamba steti kuruhusu hakubadilishi kitu. Ukidanganya, uongo wenyewe ni jinai hata kama bunduki hukuipata.

Wenye familia, ugomvi wa nyumbani ukifika kortini na ukahukumiwa, hata kosa dogo, silaha basi. Amri ya kukuzuia usimsogelee mwenzio nayo inaweza kukunyang'anya, Mahakama ya Juu imelibariki hilo 2024 kesi ya Rahimi. Na kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani hata ukiwa na grinikadi ya miaka 20.

Siasa zao zisikuchanganye. Hukumu za Mahakama ya Juu za 2008 na 2022 zimepanua haki ya kumiliki na kubeba, Texas tangu 2021 watu wanabeba bastola bila kibali, lakini ukivuka na hiyo bastola kwenda New York au New Jersey unaweza kulala ndani. Binafsi naona kelele za haki ya bunduki zinapigwa kwa ajili ya raia, wewe wa viza hawakukufikiria kabisa. Ukitaka kununua anza na wakili wa uhamiaji, muuza duka kazi yake ni kuuza.

Na begi ulilopelekea kwenye shabaha usilisafirie kabla hujalikung'uta, risasi moja iliyosahaulika mfuko wa pembeni inatosha kukulaza mahabusu Nairobi au Dar.