Gemu za VR zina ukungu? Panga rezolusheni mwenyewe

Wenye hedseti za VR (miwani mikubwa ya kukuingiza ndani ya gemu) hapa Kigoma sio wengi ila swali huwa hilo hilo, mbona picha ina ukungu na kadi ya grafiki ni kali? Mara nyingi hedseti haina kosa, rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, imeachwa kwenye oto na kompyuta imejichagulia ya chini.

Kioo cha Quest 2, hedseti ya kampuni ya Meta, ni pikseli 1832 kwa 1920 kila jicho, Quest 3 ni 2064 kwa 2208. Usidhani ukifikisha namba hizo ndo umemaliza, lenzi inapinda picha kwahiyo kompyuta inabidi ichore kubwa kuliko kioo halafu ndo ikunjwe kufuata lenzi, ukichora sawa na kioo pale katikati unapoangalia muda wote panatoka hafifu.

Fungua programu ya Meta Quest Link (siku hizi inaitwa Meta Horizon Link) inayounganisha hedseti na PC, ingia kwenye vifaa, chagua hedseti, nenda setingi za grafiki. Anza na rifreshi reti, yaani picha ngapi zinaonyeshwa kwa sekunde, ishushe 72. Najua watu wanapenda 120 kwa sifa, lakini kwa 120 kadi inapewa milisekunde 8.3 tu kuchora fremu (picha) moja, kwa 90 ni 11.1, kwa 72 unapata 13.9, na huo muda wa ziada ndo unaununulia ukali wa picha. Kisha toa oto, sogeza slaida ya rezolusheni kulia hatua moja.

Ukicheza kupitia SteamVR, programu ya Steam ya kuendeshea gemu za VR, ingia setingi zake upande wa video, weka kastomu na uiache 100%. Ukipandisha huku na kule zinazidishana, kadi inalia unabaki kushangaa. Halafu ile asilimia inahesabu pikseli zote, sio upande mmoja, 200% ya 2000 kwa 2000 inakupa kama 2828 kwa 2828, sio 4000. Gemu nzito ipangie yake peke yake, kuna sehemu ya setingi za kila gemu hapo hapo.

Kupima, ingia gemu ya magari, kaa tuli usome namba ndogo za spidi kwenye dashibodi, ongeza hatua, soma tena. Washa grafu ya SteamVR uangalie milisekunde, ikianza kuvuka kikomo chako, mfano 13.9 kwa 72, rudi hatua moja. Half-Life: Alyx usiitumie kupimia, yenyewe inabadilisha rezolusheni ikiwa inacheza, itakudanganya.

Wenye laptop, na joto hili la ziwani, chezeni kwanza kama dakika 20 ndo msome grafu, maana ikishapata moto inajipunguzia kasi na ile namba ya mwanzo haina maana tena. Mchana wa mwezi wa tisa ndo kabisaa, feni weka karibu.

Na wanaoogopa Air Link, yaani kuunganisha hedseti na PC bila waya, kwamba itakula bando, hapana, picha inatoka PC inaingia rauta inaenda hedseti, haitoki nje. Cha msingi PC iwe na kebo mpaka kwenye rauta na hedseti iwe kwenye 5 GHz.

Sasa kama namba za dashibodi unazisoma vizuri ukiwa umetulia, ila ukigeuza kichwa miti inachafuka kama rangi iliyomwagiwa maji, usiguse rezolusheni tena, hapo ongeza bitireti, yaani kiasi cha data ya picha inayotumwa kwenye hedseti kila sekunde.