SOMO: Kupanga makala ya redio ya kumhusu kocha (maswali hapa hapa, inboksi nimefunga)

Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi huu nimejibu swali moja mara tisa: "Kaka, nataka kumfanyia kocha wetu makala ya redio, naanzia wapi?" Wa tisa alinipigia nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Nkuhungu, gunia la mkaa la mtu liko miguuni kwangu. Naandika mara moja, mkiulizwa muwaelekeze huku.

Nazungumzia makala ya dakika 8 hadi 10, mtu mmoja, sauti tupu. Mahojiano ya studio ni kitu kingine, habari za matokeo ni kitu kingine kabisa.

1. Chagua kocha. Siku Dodoma Jiji wanacheza Jamhuri, maiki zinagongana. Kocha wa netiboli wa shule ya kata hajawahi kushikiwa hata moja, na mara nyingi ndiye mwenye mambo.

2. Omba ruhusa kwa kocha na kwa klabu au mkuu wa shule. Wachezaji wakiwa chini ya miaka 18, wazazi pia. Kwa maandishi.

3. Andika swali moja. Hapa wengi wanaruka. "Alizaliwa, akasoma, akacheza, akafundisha" ni barua ya kuombea kazi, msikilizaji anabadilisha stesheni kabla mtu wako hajafika kidato cha kwanza. Tafuta jambo moja kumhusu linalokusumbua kichwa. Mimi nilikuwa na kocha wa riadha anayefundisha watoto kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, hana saa ya kupimia muda. Swali langu: anajuaje nani ameongeza kasi? Kumbe watoto wakishatoka anawapa mgongo, anainamisha kichwa na kusikiliza nyayo. Akisikia mguu unakokota anataja jina bila kugeuka. Nikajua hapo makala ipo.

4. Nenda mazoezini mara moja bila kinasa sauti. Kaa, angalia, nyamaza.

5. Panga sauti kabla ya maswali. Hii ndiyo iliyoniumbua, nisomeni taratibu.

Baada ya kumgundua yule kocha wa nyayo, nilienda siku ya kurekodi na maswali 22 kwenye daftari na sauti sifuri. Tukakaa ofisini saa nzima na dakika 20, pangaboi linazunguka juu yetu, mimi naitikia kwa kichwa kama mjusi. Saa 10 jioni ndipo tukaenda kule barabarani kwenye mazoezi. Ilikuwa Agosti, na upepo wa Dodoma wa Agosti mnaujua, unabeba vumbi na mifuko ya nailoni. Nyumbani nikavaa hedifoni: ngurumo tu, kama mtu anakunja turubai kwenye sikio langu. Na kila kocha alipopuliza kipyenga, maneno yake yaliyofuata yalizama chini kabisa. Nyayo, ambazo ndizo makala yenyewe, sikuwa na hata moja. Niliporudi wiki iliyofuata shule ilikuwa imefungwa na watoto wametawanyika. Nikasubiri mpaka wafungue.

Basi, fanya hivi. Kabla ya swali lolote andika orodha ya sauti unazotaka kurudi nazo. Yangu sasa husomeka: nyayo zikija, nyayo zikienda, pumzi za mtoto aliyefika, kipyenga kwa mbali, ndoo ya maji ikitua, kocha akiita majina. Nisipozipata, siondoki.

Rekodi alfajiri. Saa 12 asubuhi upepo bado umelala na watoto hawajachoka.

Zima ule mpangilio wa otomatiki wa kinasa unaopandisha na kushusha sauti wenyewe. Kipyenga kikilia, mashine inashtuka na kujishusha, na inachukua muda kupanda tena. Huko ndiko maneno ya kocha wangu yalikozama. Panga mwenyewe: kwenye mita ya kinasa, sauti ya kawaida ichezee kati ya desibeli -18 na -12, na kipyenga ukisikie kutoka mbali, usisimame mbele yake. Sauti ikishapasuka hakuna fundi wa kuishona.

Vaa hedifoni muda wote. Najua watoto watakucheka.

Kila mahali, rekodi dakika nzima ambayo hakuna anayezungumza. Ukifika kuhariri na kuziba mapengo kati ya vipande, utaniombea dua.

6. Mahojiano yaje baada ya mazoezi, jasho bado linamtoka. Makocha wetu wana kaseti kichwani: "Tunamshukuru Mungu, vijana wamejituma, tumejipanga." Ukiuliza "siri ya mafanikio yako ni nini" umeibonyeza wewe mwenyewe. Uliza alichofanya muda huu: "Yule mwenye jezi ya kijani ulimvuta pembeni, ulimwambia nini?" Atasahau kaseti. Kisha tafuta mtu wa pili asiyemwogopa. Kwangu alikuwa mama anayeuza maandazi kandokando ya barabara ile, akaniambia kocha hukopa maandazi ya watoto na kulipa mwisho wa mwezi. Kocha mwenyewe asingesema.

7. Hakiki. Kocha wangu alisimulia kwa hisia jinsi Juma Ikangaa, mtu wa hapa Dodoma, alivyoshinda marathoni ya New York mwaka 1988. Alishinda 1989, kwa saa 2:08:01. Mwaka 1988 alikuwa wa pili Boston, aliachwa kwa sekunde moja. Mzee alichanganya vitu viwili, na huwezi kumkatiza mtu anapolengwalengwa na machozi. Nilikata mwaka kwenye sauti yake, nikautaja sahihi kwenye maelezo yangu.

8. Skripti: mimi husoma kama maneno 110 kwa dakika. Kwenye makala ya dakika 10 nikizidi maneno 400 najua nimeanza kumwibia kocha nafasi.

9. Muziki wa mtu una mwenyewe. Usibandike wimbo bila ruhusa.

Nawasilisha.

MASWALI

Mzalendo_Makole: Somo zuri mkuu. Ila hujasema mahojiano yafanyike kabla au baada ya mazoezi?

Mleta somo: Hatua ya 6. Sentensi ya kwanza.

Kijana wa Chang'ombe: Kwani lazima yote haya? Mimi nilirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ikaenda hewani na hakuna aliyelalamika.

Mleta somo: Hongera. Wasikilizaji wa redio hawalalamiki ndugu yangu, wanahama stesheni.

Kijana wa Chang'ombe: Punguza dharau, si kila mtu ana hela ya mashine.

Mleta somo: Kwenye hatua zote 9 nionyeshe nilipoandika ununue mashine.

binti_kondoa: Samahani kaka, mimi kweli nina simu tu na hedifoni za waya. Inawezekana, au nisubiri mpaka nipate vifaa?

Mleta somo: Usisubiri, dada. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana ikiita katikati ya jibu zuri utalia. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuhifadhi WAV (faili la sauti isiyobanwa) na kupanga kiwango cha sauti mwenyewe. Angalia kitundu cha maiki kiko upande gani, wengi wanakiziba kwa kidole. Shika shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isipige moja kwa moja. Rekodi dakika moja, usikilize, ndipo uendelee. Na simu usiihamishehamishe mkononi, ule mkwaruzo wa vidole unaingia wote.

binti_kondoa: Nashukuru sana. Nitaanza na kocha wa mpira wa wavu.

mwana_singida: Mkuu, kocha ninayemtaka anawafokea watoto kwa Kinyaturu wakichoka, Kiswahili anakitumia kwa wageni. Nimwombe aongee Kiswahili?

Mleta somo: Usithubutu! Hilo ni swali bora la leo. Ukimwomba, utapata kocha wa wageni, wa watoto atabaki nyumbani. Acha Kinyaturu kisikike peke yake sekunde 4 au 5, kishushe taratibu, halafu ingiza tafsiri kwa sauti ya mtu mwingine. Tafsiri ifanywe na mzaliwa wa lugha, na wa pili aihakiki, kwa sababu ya matani na matusi. Na kwa kuwa uko Singida, kila kocha wa riadha atakutajia Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni 2025. Usimwulize "unamwonaje Simbu". Kwenye mbio hizo Tokyo, yeye na Petros wa Ujerumani aliyekuwa wa pili waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, wakatenganishwa kwa sekunde 0.03. Kule asubuhi, huku bado usiku. Mwulize alikuwa wapi usiku ule, na kulipokucha aliwafundisha nini watoto kuhusu mita za mwisho. Mita za mwisho za namna hiyo zinasikika, mwombe awakimbize mbele yako.

mwana_singida: Daah, umenifungua. Nitaleta mrejesho.

Mzalendo_Makole: Na upepo je, dawa yake ni alfajiri tu?

Mleta somo: Afadhali umeuliza cha maana. Ile sponji nyeusi ya kuvika maiki inazuia pumzi, si upepo wa Dodoma. Unahitaji kifuniko cha manyoya.

Bi_Cherehani: Ya dukani ni ghali. Mimi nimemshonea mwanangu kwa kofia ya koti la mtoto, mitumba ya pale Majengo, ile yenye manyoya bandia marefu. Kata mstatili, shona mfuko, manyoya yabaki nje, mdomoni weka lastiki ya sidiria kuukuu. Kitambaa cha ndani kisiwe kizito, kinafunika sauti.

Mleta somo: Mama, shikamoo. Unaweza kunishonea kimoja?

Bi_Cherehani: Marahaba. Lete kofia na vipimo vya maiki, na usije Jumamosi, nina sare za kwaya.