Jinsi ya kubashiri Oscar na kuyapokea matokeo yake

Chukua karatasi, andika vipengele vyote vya tuzo za Oscar, kisha piga safu mbili mbele ya kila kimoja. Ya kwanza iite "atashinda", ya pili "ningempa mimi". Tangu tuzo ya kuwatafutia wahusika waigizaji (casting) ilipoongezwa kwa filamu za mwaka 2025, vipengele ni 24. Safu hizo mbili ndizo kazi nzima. Mashabiki wengi huwa na moja tu, ya pili, na wanaidhania kuwa ya kwanza. Jina likisomwa tofauti wanasema wameibiwa, hata pale ambapo kila dalili ilikuwa wazi tangu wiki kadhaa nyuma.

Safu ya "ningempa mimi" ina sharti moja: usiijaze kwa filamu ambayo hujaitazama. Acha wazi. Kipengele ambacho umetazama filamu mbili kati ya tano, hukumu yako ni ya hizo mbili tu.

Safu ya "atashinda" haijazwi kwa mapenzi. Inajazwa kwa kuwajua wapiga kura. Akademia, chama cha Marekani kinachotoa Oscar, ina wapiga kura wapatao 10,000, wote watu wa kazi ya filamu, nao wamegawanywa katika matawi. Kwenye uteuzi waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na filamu bora huteuliwa na wote. Kwenye kura ya mwisho milango inafunguliwa: kila mwanachama anaruhusiwa kupiga kura katika kila kipengele ambacho ametazama filamu zake zote. Kwa hiyo orodha ya walioteuliwa kwa sauti ni maoni ya mafundi wa sauti, lakini mshindi ni chaguo la umati ambao wengi wao hawajawahi kushika maikrofoni. Umati huo huvutwa na kazi inayosikika waziwazi, kama filamu za vita, za magari au za muziki. Ukibashiri vipengele vya ufundi, jiulize ni kazi ipi inaonekana hata kwa asiye fundi.

Baada ya hapo fuatilia tuzo zinazotangulia, lakini usizipe uzito sawa. Golden Globe hupigiwa kura na waandishi wa habari, watu ambao hawana kura ya Oscar. Tuzo za vyama vya waigizaji, waongozaji na watayarishaji zina uzito zaidi kwa sababu baadhi ya wapiga kura wake ni wanachama wa Akademia pia. Mwaka 2014 Golden Globe na BAFTA (tuzo za filamu za Uingereza) za mwigizaji msaidizi wa kike zote zilikwenda kwa Jennifer Lawrence, chama cha waigizaji kikamchagua Lupita Nyong'o, na Oscar ikaenda kwa Lupita. Lakini mwaka 2025 chama hichohicho kilimpa Demi Moore tuzo ya mwigizaji bora wa kike, BAFTA ikampa Mikey Madison, na bahasha ya Oscar ikawa na jina la Madison. Chama cha waigizaji na BAFTA vikikubaliana, andika jina kwa wino. Vikitofautiana, andika kwa penseli.

Kipengele cha filamu bora ndicho kinachowaangusha wengi, kwa kuwa kura zake huhesabiwa kwa njia ya pekee. Katika vipengele vingine mwenye kura nyingi anashinda, basi. Hapa filamu ni 10, na mpiga kura anazipanga kwa kufuata anavyozipenda. Tuchukue mfano mdogo wa kura 100 na filamu tatu. Filamu A imewekwa ya kwanza na watu 40, B na 35, C na 25. Hakuna iliyovuka nusu, hivyo C inatolewa na karatasi zake 25 zinahamia kwa chaguo la pili. Kama 18 kati yake zimeweka B na 7 zimeweka A, B inafika 53 na A inabaki na 47. Iliyoongoza mwanzoni imeshindwa.

Maana yake, filamu inayopendwa sana na kundi moja na kuchukiwa na jingine iko hatarini, na ile ambayo kila mtu anaiweka ya pili au ya tatu ina nguvu kuliko inavyoonekana. Chama cha watayarishaji nacho huhesabu kura kwa upangaji wa namna hii, ndiyo maana tuzo yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2022 The Power of the Dog iliondoka na BAFTA na tuzo ya waongozaji, CODA ikachukua ya watayarishaji. CODA ilikuwa na uteuzi 3 tu, na ikashinda yote 3, ikiwemo filamu bora. Hata hivyo si kanuni isiyovunjika: La La Land ilikuwa na tuzo ya watayarishaji mwaka 2017, na Moonlight ndiyo iliyoshinda.

Angalia pia uhariri. Kati ya filamu bora zilizotoka mwaka 1981 hadi 2013, hakuna hata moja iliyoshinda bila kuteuliwa kwa uhariri. Birdman na CODA zimeivunja desturi hiyo baadaye, kwa hiyo itumie kama kipimo cha kusaidia.

Funga karatasi kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa, usibadilishe tena. Filamu ikianza kuzoa tuzo za ufundi mapema, usikimbilie kuitangaza mshindi: mwaka 2016 Mad Max: Fury Road ilipata 6, Spotlight ikapata 2, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa filamu bora. Usisome chochote kwenye ratiba pia, kwa sababu waandaaji hawayajui matokeo. Mwaka 2021 waliiweka tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwisho kabisa, wengi wakaamini ni heshima kwa hayati Chadwick Boseman. Lilisomwa jina la Anthony Hopkins, ambaye hakuwa ukumbini, na sherehe ikaishia hapo.

Jina likikushtua, linganisha safu kabla ya kuandika neno popote. Ukikosea "atashinda" tu, kasoro ni ya ubashiri: tafuta tuzo uliyoipuuza. Ukipatia "atashinda" na jina hilo halimo katika "ningempa mimi", hapo una hoja ya kweli, itetee kwa kutaja tukio, picha fulani ya kamera au mstari wa mazungumzo. Ukikosa zote mbili na mshindi hujamtazama, itafute filamu yake kwanza, malalamiko yatasubiri.