Malaria haijasoma, taifodi "imesoma": mtu mzima mwenye homa unamuanzia wapi?

Hii nawaandikia wadogo zangu mlioko intern, ma-CO (matabibu) wa vituo vya afya, na yeyote anayekaa OPD (wagonjwa wa nje) usiku peke yake na karatasi ya maabara mkononi. Karatasi yenyewe mnaijua: MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) haijasoma, yani hasi, Widal (kipimo cha damu cha taifodi) 1:160, mkojo una usaha kidogo, basi mgonjwa anatoka na sipro na sindano tano za seftriaksoni, antibayotiki zote mbili, na kuambiwa ana taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Nchi nzima ina taifodi na UTI bana. Muulize yeyote kwenye daladala, atakwambia alishawahi kuwa navyo vyote viwili kwa pamoja, afu hakuna aliyewahi kuoteshwa damu (kuwekwa kwenye chupa maabara ili bakteria waote waonekane).

Kuna kazi ilifanyika Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, 2007 hadi 2008, ikachapishwa 2013. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na wakubwa. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14, yani asilimia 1.6. Halafu kama robo hivi ya waliochunguzwa upande huo walikuwa na bakteria wa kutoka kwa wanyama, kina homa ya mgunda, homa ya Q, riketsia na brusela, na hakuna faili hata moja la kulazwa lililokuwa limeyataja haya kama uwezekano. Hata moja. Na malaria yenyewe imepungua, kwa watoto chini ya miaka 5 kiwango cha maambukizi nchini kilikuwa asilimia 18 mwaka 2008, 2022 kikawa 8, kwahiyo homa nyingi zinazoingia mlangoni sa hivi zinataka jina lingine. Jina hilo karatasi haiwezi kukupa kama wewe hujajua unaiuliza nini.

Haya, tuanze. Kabla hujamgusa, uliza katoka wapi wiki tatu zilizopita na kama amehudhuria msiba au kuuguza mtu. Marburg (homa kali ya virusi inayoweza kutoa damu) ilitokea Bukoba Vijijini 2023, wagonjwa 9 wakafa 6 na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya, ikarudi Biharamulo Januari 2025. Ilianza kama homa tu na kutapika, kutokwa damu kulikuja baadaye au hakukuja kabisa. Vaa glovu, kama majibu yake yanakutia wasiwasi mtenge na piga simu kwa mganga mkuu wa wilaya, aibu ya kupiga simu bure haiuwi mtu.

Halafu angalia kama yuko hatarini: anavuta pumzi ngapi kwa dakika, presha, oksijeni, anaongea vizuri au anachanganya maneno, sukari. Sukari mtu anaisahau kila siku, na malaria kali au sepsis (maambukizi yanayouelemea mwili mzima) inaweza kuishusha mpaka mtu akaonekana kama kachanganyikiwa tu.

Hapa kwenye presha ya chini nataka tukae kidogo maana tulivyofundishwa sio hivi. Tulifundishwa presha ikishuka mwagia dripu, lita baada ya lita. Lusaka walijaribu, matokeo yakatoka 2017, watu wazima wenye sepsis na presha ya chini, wengi wao wana VVU. Kundi moja likapewa utaratibu wa kumwagiwa maji haraka pamoja na dawa za kupandisha presha, jingine huduma ya kawaida. Kundi la utaratibu wakafa asilimia 48.1, la kawaida asilimia 33. Na kabla ya hapo 2011 utafiti wa FEAST, watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakakuta kitu cha aina hiyohiyo, waliomwagiwa maji kwa kasi walikufa zaidi. Sasa sio kwamba maji ni sumu, mtu wa kuhara na kutapika anahitaji maji yake na apewe, ila huyu wa sepsis kwenye wodi ambayo haina ICU mpe kidogokidogo, mililita 500 afu rudi umsikilize mapafu na umhesabie pumzi, ukiona pumzi zinapanda au oksijeni inashuka simama.

Sasa maswali. Hili ndio eneo ambalo dakika kumi zinazidi vipimo vyote vya laki moja. Swali la kwanza ni homa imeanza lini, na ninataka tarehe, sio "wiki hivi". Mtu akisema wiki hivi mfunge kwenye tukio: ilikuwa kabla ya ijumaa ya mwisho wa mwezi au baada? Siku ya mnada ulikuwa unajisikia vizuri? Swali la pili ni kazi yake na wanyama wake. Usiulize "unakunywa maziwa mabichi?" maana atasema hapana kwa heshima tu. Mazungumzo na mzee wa mfugaji, tuseme wa Simanjiro, yanaenda hivi:

– Shikamoo mzee wangu. Maziwa nyumbani yapo?
– Marahaba. Yapo daktari, ng'ombe tunao.
– Na mnayanywaje?
– Kawaida tu.
– Yanapita motoni kwanza?
– Aa mwanangu, ya motoni yana utamu gani?

Hapo umeshapata kitu ambacho hakipo kwenye karatasi. Ongeza sasa: ng'ombe au mbuzi waliotupa mimba mwaka huu wapo? Nani alimzalisha yule ng'ombe, kwa mikono mitupu? Kama homa inapanda jioni na kushuka asubuhi, analowesha shuka kwa jasho, mgongo wa chini na nyonga zinauma, au korodani moja imevimba, hiyo ni brusela mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo omba Rose Bengal kama maabara ya rufaa wanayo, vile vya matone vya haraka ambavyo vinasoma kila mtu usiviamini sana. Na matibabu yake sio siku saba, ni doksi (doksisaiklini) kwa wiki 6 pamoja na jentamaisini ya siku 7 hadi 10 mwanzoni, au doksi na rifampisini zote wiki 6. Wengi wanarudi na "taifodi sugu" kwa sababu walipewa wiki moja. Ila kabla ya kuanza rifampisini hakikisha TB umeitafuta, maana hiyo ni dawa ya TB pia, usije ukaificha.

Mkulima wa mpunga, mtu wa machinjio, aliyeingia kwenye maji ya mafuriko, au ghala lake limejaa panya: fikiria homa ya mgunda. Ruangwa kule Lindi, Julai 2022, watu walianza kutokwa damu puani, homa, kichwa, uchovu, ikaitwa ugonjwa usiojulikana, wakapimwa Ebola, Marburg na Uviko vikatoka hasi, mwishowe ikawa ni mgunda, wagonjwa 20 na vifo 3. Kinachokuonyesha njia ni macho mekundu yasiyo na tongotongo, misuli ya ndama inayouma ukiiminya (iminye kweli, sio kuuliza), manjano, na kreatinini (kipimo cha figo) inayopanda. Asiye mahututi doksi mg 100 mara mbili kwa siku inamtosha, aliyezidiwa mchome penisilini au seftriaksoni na angalia mkojo anaotoa.

Dar na pwani yote wakati wa mvua, kidingapopo (dengue). Dengue imelipuka Dar 2014 na tena 2019. Siku tano za mwanzo omba NS1 (kipimo cha protini ya kirusi), baada ya hapo IgM (cha kinga ya mwili). Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, paracetamol tu. Afu kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba hatari inaanza pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, mgonjwa anasema nimepona nataka kwenda nyumbani, kumbe ndio mishipa inavuja: tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu, kwenye FBP (kipimo cha damu kamili) damu inakuwa nzito huku platileti (chembe za kugandisha damu) zinaporomoka. Huyo hatoki wodini.

Homa iliyovuka wiki mbili, hadithi nyingine kabisa. Hapo virusi vingi vimeshatoka kwenye foleni, waliobaki ni TB, VVU na wenzake, brusela, moyo wenye maambukizi kwenye vali, jipu la ini, saratani ya tezi, na kwa dada kijana mwenye viungo vinauma na nywele zinanyonyoka, lupasi (kinga ya mwili kujishambulia). Kwahiyo mvue nguo. Nasema mvue, na pazia livutwe na muuguzi awepo. Tafuta mitoki shingoni, kwapani na kinenani, sikiliza moyo akiwa amelalia ubavu wa kushoto, kagua kucha na viganja, pima bandama, gonga mbavu za kulia chini maana jipu la amiba linauma hapohapo na altrasaundi italiona, gonga mgongo mfupa kwa mfupa, angalia meno, angalia alama nyeusi ya kupe kiunoni au nyuma ya goti. Vidonda vya kukaa kitandani pia, mgonjwa wa kiharusi mwenye homa mgeuze kwanza kabla hujaandika UTI.

Kuhusu hiyo UTI yenyewe: usaha au bakteria kwenye mkojo wa mtu asiyesikia kuungua, asiyekojoa mara kwa mara, asiyeumwa kiuno, mara nyingi haitibiwi, isipokuwa mjamzito au mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Ukiitibu unakuwa umepata jina la kuandika kwenye faili na ugonjwa wenyewe unaendelea.

Na Widal. Hiki kipimo ni cha 1896 jamani. Kinatafuta askari wa mwili sio mdudu, na askari hao wanaweza kuwepo kwa sababu ya taifodi ya zamani, chanjo, salmonela nyingine, hata malaria. Muheza waliwahi kukipima kwa watoto, tena ile ya mirija ambayo ni bora kuliko ya matone tunayoitumia vituoni, na katika waliosoma karibu robo tu ndio walikuwa na taifodi kweli. Kikitoka hasi kilikuwa na maana zaidi kuliko kikitoka chanya! Taifodi ipo, sisemi haipo, ila inathibitishwa kwa kuotesha damu, na hata damu inaikamata kama asilimia 60 tu. Ili upate hiyo 60 chukua damu kabla ya antibayotiki, mil 8 hadi 10 kwenye kila chupa, mikono miwili, ngozi imefutwa na ikaachwa ikauka. Mil 2 kwenye chupa ya mtu mzima ni kupoteza chupa. Kama huna kabisa huduma hiyo na mgonjwa ana homa inayopanda taratibu siku ya nane, tumbo, kichwa, hana kingine, mtibu kama taifodi kwa uamuzi wako wa kitabibu na uandike hivyo, bila kumlipisha Widal.

VVU pima kila mtu mzima mwenye homa ya kulazwa, hata mchungaji, hata bibi wa miaka 70. Akiwa nayo, CD4 (hesabu ya seli za kinga) itoke siku hiyohiyo, ikiwa chini ya 200 au anaumwa sana mpe kifurushi: LAM ya mkojo (kipimo cha TB), ambayo majibu ni dakika 25 na WHO wanaikubali kwa waliolazwa toka 2015, 2019 wakaipanua, GeneXpert (nayo ya TB) ya makohozi au ya chochote unachoweza kupata, na CrAg ya damu (kipimo cha fangasi wa kriptokokasi). Picha ya kifua ikiwa safi haimaanishi hana TB, CD4 ikishuka sana kifua kinaweza kuwa cheupe pe huku TB imejaa mwilini. CrAg ikisoma, hata kama shingo ni laini na analalamika kichwa tu, toa maji ya uti wa mgongo na upime presha ya maji hayo, ikiwa juu yapunguze, hiyo peke yake inaokoa macho na maisha. Dawa zimebadilika pia, toka 2022 mwongozo wa WHO ni amfoterisini ya liposomo dozi moja tu ya mg 10 kwa kilo, pamoja na flusaitosini na flukonazo siku 14. Zile wiki mbili za dripu za amfo na figo kuharibika tunaziaga pale dawa inapopatikana.

Malaria nayo usiizike. MRDT ikiwa hasi na bado unaishuku (katoka Kigoma, Geita, Mtwara, au ni mjamzito) rudia baada ya saa 12 hadi 24, na B/S (damu kwenye darubini) isomwe. Ikiwa chanya uliza kama alitibiwa mwezi huu, maana kipimo kinaweza kuendelea kusoma wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Na mtu mzima aliyekulia sehemu yenye malaria nyingi anaweza kuwa na wadudu wachache na homa yake ikawa ya kichomi. Karagwe wameshathibitisha wadudu wanaochelewa kufa kwa artemisinini, kwahiyo wa malaria kali B/S ya siku ya 3 ni lazima, usiridhike na kwamba anakula.

Baada ya saa 48 hadi 72 rudi kitandani na faili lako. Kama homa ipo palepale usipandishe antibayotiki kwanza, rudi kwenye maswali, uliza upya ukiwa na ndugu mwingine pembeni, mara nyingi mke au mtoto ndio anajua kuhusu ile safari, zile dawa za kienyeji, yule mbuzi. Fuatilia maabara ya kuotesha kwa simu, usisubiri karatasi. Angalia dawa anazotumia, kotrimoksazo na nevirapini zinaweza kuleta homa na upele. Na ukimpa rufaa andika tarehe homa ilipoanza, dozi ya kwanza ya antibayotiki ilichomwa saa ngapi na kama damu ilichukuliwa kabla au baada, maana sisi tunaompokea tunaanzia hapo.