Anza na Jumapili msizoweza kukimbia: kupanga ratiba ya msimu kwa klabu ndogo ya mbio za magari, Mwanza

Msimu wangu wa kwanza kupanga ratiba niliandika mbio tisa. Zilifanyika nne. Zile tano hazikuzuiwa na polisi wala na ukata. Mimi ndiye niliyeziweka kwenye siku ambazo tangu mwanzo hazikuwezekana, ila sikuwa nimetazama. Moja ilikutana na dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga: madereva walikuwa wengi kuliko watazamaji, na madereva wenyewe walikuwa wamejazana kwenye gari moja lenye redio.

Nina gereji upande wa Mkolani, na klabu yetu ni ya watu wa kawaida: mafundi, mwalimu, wenye maduka, dereva mmoja wa lori, vijana wawili wa benki. Magari ni Subaru Impreza za zamani, Corolla, Starlet mbili, na Vitz moja tunayoicheka mpaka itupite kwenye mbio za kuzunguka koni. Kama klabu yenu inafanana na hiyo, hivi ndivyo ninavyopanga. Natumia mwaka 2027 kama mfano ili tushike tarehe halisi.

Hatua ya 1: Kalamu nyekundu

Bandika ukutani kalenda ya mwaka mzima, ile inayoonyesha miezi kumi na miwili kwenye karatasi moja. Ya simu haifai. Utaona mwezi mmoja mmoja na utajidanganya. Sasa usiulize mtakimbia lini. Futa kwanza.

Januari yote inaondoka. Ni mwezi wa ada, na sijawahi kumwona mwanachama akinunua tairi huku mtoto amerudishwa nyumbani. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari na Idd el-Fitr kuangukia karibu na 10 Machi. Mwezi ukiandama siku moja mbele au nyuma utakuharibia, kwa hiyo futa na Jumapili zinazopakana. Machi ndiyo pia Safari Rally ya Kenya imekuwa ikifanyika tangu 2024, kule Naivasha. Wenzetu kadhaa huvuka Sirari kwenda kuitazama, na waliobaki wanaitazama kwenye simu. Pasaka ni 28 Machi, halafu masika mpaka katikati ya Mei. (Najua kuna mzee atanikumbusha kwamba Safari ya zamani ilikimbizwa Pasaka kwa miaka mingi, matope na yote. Ni kweli, mzee wangu. Lakini wale walikuja na magari ya viwanda na mafundi wao. Sisi tuna Starlet.)

Idd el-Hajj itakuwa karibu na 16 au 17 Mei. Baada yake inakuja Bulabo, ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Hiyo wengi huisahau kwa sababu haina tarehe ya kudumu: inafuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo ni siku 60 baada ya Pasaka, yaani 27 Mei kwa mwaka 2027. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, wakianza kushindana, usitegemee kumpata msimamizi wa njia hata mmoja kutoka Kisesa. Futa na wikendi inayofuata.

Nane Nane ya 2027 ni Jumapili. Maonyesho ya Nyamhongolo yatachukua watu, vyombo vya habari na pengine hata gari la wagonjwa ulilolitegemea. Futa. Ongeza tarehe za mashindano ya kitaifa kutoka AAT, chama kinachosimamia mbio za magari nchini, maana madereva wako wawili wazuri watakwenda huko hata kama hutaki. AFCON iliyopangwa kufanyika kwetu, Kenya na Uganda mwaka huo nayo iandike mara ratiba rasmi itakapokuwa mkononi.

Ligi Kuu iandike kwa penseli. Dabi ya 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, ikaja kuchezwa 25 Juni. Ukiifuata kwa wino utachora kalenda mpaka itoboke.

Kwa nini nasema Jumapili na siyo Jumamosi? Kanda hii ina Wasabato wengi, na kwetu wawili ni watunza muda wazuri kuliko wote. Wakristo wengine tunawaambia wawahi ibada ya kwanza, mbio zinaanza saa nne. Saa nne ina faida nyingine nitakayoieleza chini.

Ukimaliza kufuta, zinabaki Jumapili ishirini na kidogo, kuanzia Juni hadi katikati ya Novemba. Huo ndio msimu. Mengine yalikuwa ndoto.

Hatua ya 2: Uliza udongo unaitwaje

Wasukuma hawasemi udongo tu. Kuna luseni, ule wa kichanga wa karibu na vilima. Kuna itogolo, unaokakamaa kama sakafu ukikauka. Na kuna mbuga, ule mweusi wa bondeni. Ukienda kukagua njia, muulize mwenyeji eneo linaitwaje kwa udongo wake kabla hujauliza lina urefu gani.

Luseni inanyonya maji. Ikinyesha usiku, kesho yake mchana unakimbia. Mbuga ikilowa inageuka ulimbo. Novemba moja nilipanga hatua (kipande cha njia kinachokimbizwa kwa saa) ya kilomita sita iliyokatiza mbuga mita mia mbili tu. Nilijiambia mita mia mbili si kitu. Impreza ya kwanza ilizama hadi kwenye milango, ya pili ilikwenda kuisaidia nayo ikazama, na zote zilitolewa na jozi mbili za maksai za mzee aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akituangalia tangu asubuhi. Hakututoza kitu. Alicheka tu, na kicheko hicho bado nakisikia kila nikipanga Novemba.

Kwa hiyo: njia zenye mbuga ziende Julai na Agosti. Luseni itunze kwa Oktoba na kuendelea, vuli inapoanza. Na kumbuka pamba: ikianza kununuliwa, malori yanapita barabara za vijijini mchana kutwa, na yanaacha mifereji ambayo gari la chini haliivuki. Kagua njia mara mbili, mwezi mmoja kabla na wiki moja kabla.

Hatua ya 3: Mwezi wa angani

Kama uwanja wenu uko mbali na ziwa, ruka hatua hii. Sisi tuna uwanja mzuri wa autokrosi, yaani mbio za kuzunguka kwenye uwanja usio na lami, kando ya mwalo mmoja wa wavuvi: tambarare, mchanga uliokaza. Mwaka wa pili tulifika pale saa kumi na mbili asubuhi na koni zetu, tukakuta uwanja wote umetandazwa dagaa. Wote, kutoka kwenye mitumbwi mpaka kwenye mti tunaogeuzia.

"Mwangaluka, mama," nikaanza.

"Mwangaluka. Mnataka kupita wapi na hayo magari?"

Nikamwonyesha barua yenye muhuri wa mtendaji. Akaisoma yote, akanirudishia.

"Mtendaji hana dagaa," akasema. "Njooni kukiwa na mbalamwezi."

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika na uwanja unakuwa mtupu. Tangu siku hiyo mbio zote za mwaloni naziweka karibu na mwezi mpevu. Kwa 2027 mwezi mpevu ni 18 Julai, ambayo ni Jumapili kamili, halafu 17 Agosti, halafu katikati ya Septemba, na 14 Novemba, Jumapili tena. Kuna nyongeza: wavuvi wakiwa nchi kavu ndio watazamaji wetu wakubwa, na mama yule anauza chai na samaki wa kukaanga kwa wote.

Sasa ile saa nne. Alfajiri hakuna upepo, na vumbi la gari la kwanza linaning'inia pale pale. Ukimruhusu wa pili baada ya dakika mbili anaendesha kwa kubahatisha. Jua likipanda, upepo wa ziwani unaanza kuingia nchi kavu na kulisukuma vumbi pembeni. Simama na leso mkononi: ikianza kupepea, ruhusu gari. Watazamaji wawekwe upande upepo unakotoka. Vuli pia mvua ya nchi kavu hupenda kuja mchana, kwa hiyo Oktoba nafunga mbio saa nane.

Hatua ya 4: Gereji ndiyo inayoamua idadi

Hapa ndipo vijana hubishana nami. Wanataka mbio kila wiki mbili. Mimi ndiye ninayelala chini ya hayo magari. Baada ya autokrosi moja, wiki ya kwanza ni kuosha na kugundua: bushi zimekwisha, shokapu inavuja, rimu imepinda. Wiki ya pili ni kutafuta kifaa hapa mjini na kukikosa. Ya tatu kinapanda basi kutoka Dar. Ya nne kinafungwa. Hizo ni wiki nne, na bado mwenye gari hajalipwa.

Kanuni yangu: kati ya mbio mbili kuwe na wiki zisizopungua nne na mwisho wa mwezi mmoja, ili watu wawe wamelipwa. Ukiiheshimu, msimu wetu unabeba mbio tano. Mbio tano zenye magari kumi na mbili ni bora kuliko tisa ambazo ya mwisho ina magari matatu na malumbano.

Hatua ya 5: Panga uzito

Anza na nyepesi. Magari yamelala tangu Novemba, breki zimekamata, madereva wameongezeka vitambi. Mbio ya kwanza iwe ya koni kwenye eneo tambarare. Ya kuvunja magari iwe ya tatu, watu wakiwa wameshika moto na bado wana muda wa kutengeneza. Ratiba yetu ya mfano:

13 Juni, koni. 18 Julai, autokrosi mwaloni. 22 Agosti, hatua ndefu ya barabara ya vumbi. 19 Septemba, autokrosi mwaloni. 24 Oktoba, hatua fupi kwenye luseni. Akiba ni 14 Novemba.

Tarehe ya akiba si pambo. Itangaze siku moja na zile tano, na iwe siku ambayo uwanja upo. Ndiyo maana niliifuatisha na mwezi mpevu: mbio yoyote ikifutwa, naihamishia mwaloni.

Hatua ya 6: Barua na gari la wagonjwa

Wiki nane kabla, barua ziende: mtendaji wa kijiji au mtaa, afisa michezo wa halmashauri, polisi wa wilaya. Ukifunga barabara ya kijijini ongeza TARURA. Usiguse barabara kuu, hiyo ni ya TANROADS na utachoka bure. Peleka kwa mkono, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Gari la wagonjwa likodi kabla hujatangaza tarehe. Bila hilo hakuna mbio. Likiondoka na majeruhi, mbio zinasimama mpaka lirudi, hata kama kamebaki kagari kamoja.

Zamani niliongeza pia muda wa kivuko cha Kigongo–Busisi kwa wenzetu wa Sengerema na Geita, waliokuwa wakifika ukaguzi ukiwa umekwisha. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 2025. Sasa wakichelewa ni uzembe wao.

Hatua ya 7: Pointi

Tunatoa 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1, kama Formula 1. Lakini kati ya mbio tano tunahesabu nne bora za kila dereva. Mwalimu ana mitihani ya kusimamia, dereva wa lori anaweza kuwa Kigoma. Ukihesabu zote, aliyekosa moja anakata tamaa Agosti na gari lake hulioni tena.

Ratiba ikikamilika, chapisha nakala mbili. Moja bandika gerejini mahali pasipofikiwa na grisi. Ya pili mpelekee yule mama wa mwaloni kabla ya kumpelekea mtu mwingine. Mwaka jana alinirudishia ya kwetu ikiwa na alama ya kalamu kwenye Jumapili moja. Sikumuuliza sababu. Niliisogeza.