Mchanganyiko wa PLA (plastiki inayotokana na mimea) na plastiki ya kawaida unavunjika ovyo? Fanya hivi

Anza na pale ulipovunjika. Chukua kile kipande kilichokatika ukiangalie kwa maikroskopu, ukiona viduara vidogo na vishimo laini, kama punje imechomoka kwenye ganda lake, basi shida ndo hiyo, PLA na poliethilini (hiyo plastiki ya kawaida, kama ya mifuko) hazijashikana, zimekaa tu pamoja kama maji na mafuta. Hapo hata uchanganye siku nzima haisaidii sana.

Dawa yake ni kiunganishi, yaani kitu unachoongezea ili plastiki hizo mbili zishikane. Kwa PLA mi napenda ile poliethilini iliyotiwa kemikali ya glisidili methakrileti, sababu epoksi yake (ile sehemu inayopenda kushikana) inajifunga kwenye ncha za minyororo, yaani molekuli ndefu, ya PLA na mwili wake unazama upande wa poliethilini, yaani inashika huku na huku. Kama ulichochanganya na poliethilini ni wanga badala ya PLA, tumia poliethilini iliyotiwa maleiki anhidridi, kemikali inayoshikana na wanga. Anza na asilimia 3, panda 5, ikibidi hadi 10, pima kila hatua, usimwage tu maana ikizidi plastiki inalegea.

Ila jamani kukausha! Wengi wanaruka hapa na inaniuma kweli. Punje za PLA zilizo na fuwele (sehemu ambazo minyororo yake imejipanga vizuri) kausha kwa nyuzi 80 kama saa 4 hivi, maji yakibaki yanakata minyororo wakati wa kuyeyusha na hakuna kiunganishi kitakachokuokoa. Kwenye ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kuchanganya plastiki) kaa kati ya nyuzi 180 na 200. Wanga nao, kama unautumia, uchanganye na gliseroli (kilainishi) kwanza.

Ukipima nguvu, vuta vipande 5 vya kila mchanganyiko, si kimoja.